Habari za Askofu Petar wa Montenegro

Upande wa kusini mashariki wa Ulaya, ng'ambo ya bahari ya Adriatic ukitoka Italia, iko nchi ndogo ya milima iitwayo Montenegro. Wenyeji huiita Crna Gora, na maana yake ni Mlima Mweusi. Milima yake ya magharibi ni mawe matupu. Mvua hunyesha nyingi sana, lakini maji hupenya katika nyufa za mawe na kupotea chini, hata wakati wa kiangazi watu na kondoo huona kiu. Udongo wa kulimika hupatikana katika vishimo vidogo vidogo kati ya mawe, na vingine havipiti ukubwa wa sakafu ya chumba. Wenyeji wana hadithi yao ya kuchekesha, ya kwamba Mungu alipokuwa akizunguka kugawanya mawe duniani mfuko wake ulipasuka, na mawe yote yaliyobaki yakamwagika juu ya nchi yao.

Katika karne ya 18 nchi hii ilizungukwa na wakubwa wawili. Upande wa bara walitawala Waturuki, na upande wa pwani ilitawala jamhuri ya Venice. Sultani wa Waturuki alidai kwamba Montenegro nayo ni mali yake, walakini kudai ni rahisi kuliko kutawala. Askari waliopanda milima ile hawakukuta chakula cha kuteka wala njia ya kuvutia mizinga, bali walikuta watu wenye bunduki nyuma ya kila jiwe.

Watu hawa walikuwa Wakristo wa Kanisa la Orthodox. Mfalme hawakuwa naye. Walikuwa wamegawanyika katika kabila ndogo ndogo, kila kabila na bonde lake na wazee wake, na kila mmoja akijivuna kuwa yeye ni bora kuliko jirani yake. Mtu aliyeheshimiwa na kabila zote alikuwa mmoja tu, naye ni askofu wa Cetinje, ambaye walimwita vladika. Tangu mwaka wa 1697 uaskofu huo ulikuwa katika ukoo mmoja, ukoo wa Petrović wa kijiji cha Njeguši. Na kwa kuwa askofu wa Kanisa lile haoi, wala hana mwana wa kumrithi, cheo kilitoka kwake kikaenda kwa mtoto wa ndugu yake. Hivyo askofu akawa mtawala pia. Lakini msomaji asidhani kwamba alitawala kama watawalavyo wafalme. Askari wa mshahara hakuwa nao, gereza hakuwa nalo, wala kodi hakutoza. Mtu akikataa neno lake, hakuwa na mtu wa kumtuma kwenda kumkamata.

Na ilikuwako desturi moja iliyokuwa na nguvu kuliko askofu. Desturi hiyo ni kisasi cha damu. Mtu akiuawa, ndugu zake walipaswa kuua mtu wa ukoo wa mwuaji. Wala haikuwa lazima auawe mwuaji mwenyewe. Mara nyingi walimtafuta aliye bora katika ukoo ule, ili hasara iwe kubwa, hata kama mtu huyo hakujua lolote la ugomvi wenyewe. Ndipo ukoo wa pili nao ukapaswa kulipa, na deni halikuisha. Ugomvi ulioanza kwa kondoo mmoja au kwa neno la dharau uliweza kupita kutoka kwa babu mpaka kwa mjukuu. Wanawake hawakuguswa, kwa hiyo wao walikwenda shambani na sokoni, na waume zao walijificha nyumbani. Mtoto wa kiume aliyefiwa na baba yake kwa kuuawa alikua akikumbushwa kila siku kwamba analo deni. Asipolilipa alionekana kuwa si mtu.

Katika nchi hii, katika kijiji cha Njeguši chini ya mlima Lovćen, alizaliwa Petar mwaka wa 1748. Baba yake aliitwa Marko. Alipokuwa mtoto wa miaka kama 12 alipelekwa katika nyumba ya watawa ya Cetinje, akafundishwa kusoma, na akawa mtawa. Mwaka wa 1765 alifanywa shemasi, na askofu Vasilije, aliyekuwa wa ukoo wake, akamchukua mpaka Urusi apate elimu zaidi. Lakini mwaka uliofuata Vasilije alikufa huko St Petersburg, na kijana akarudi kwao.

Aliporudi, nchi iliingiwa na jambo la ajabu. Mwaka wa 1767 alitokea mtu mgeni, asiyejulikana alikotoka, akavumishwa kuwa ni Kaisari Petro wa Tatu wa Urusi, aliyekuwa ameuawa miaka mitano nyuma. Watu walimwita Šćepan Mali, yaani Stefano Mdogo. Kabila zilimwamini, zikamfanya mtawala wao, na askofu mzee Sava aliposema ni mwongo alifungiwa ndani. Mwongo yule alitawala miaka sita, na ajabu ni kwamba alitawala vema. Alikataza kisasi na wizi, akawaadhibu waliovunja amri. Inasimuliwa kwamba aliweka fedha na bastola nzuri njiani, na muda mrefu hakuna aliyethubutu kuvigusa. Mwaka wa 1773 aliuawa na mtumishi wake aliyehongwa na pasha wa Shkodër, na mara kisasi kikarudi kama moto uliofunikwa na majivu. Petar alikuwa kijana wakati huo, akayaona yote kwa macho yake.

Hata mwaka wa 1784, Sava na mwandamizi wake walipokuwa wamekwisha kufa, Petar akasafiri mpaka Sremski Karlovci, katika milki ya Austria, akawekwa kuwa askofu. Alikuwa na umri wa miaka 36. Watu wote waliomwona walisema alikuwa mtu mrefu, mwenye sura ya kupendeza na sauti ya upole.

Mwanzo wa utawala wake ulikuwa mbaya. Mwaka wa 1785 alikwenda Urusi kuomba msaada kwa ajili ya watu wake, kwa maana Warusi walikuwa wa dini moja nao, na mara nyingi walikuwa wamewaahidi mema. Lakini Prince Potemkin, aliyekuwa na nguvu kuu katika jumba la Malkia Catherine, hakumtaka. Askofu akatolewa mjini St Petersburg kama mhalifu, akatiwa katika gari, akapelekwa mpakani. Baadaye Warusi walitambua kwamba wamemkosea, wakamwita arudi. Hakurudi, wala hakuuona mji ule tena maisha yake yote.

Wakati alipokuwa mbali, mambo mabaya zaidi yalitokea nyumbani. Huko Shkodër, katika Albania, alitawala pasha mwenye nguvu jina lake Kara Mahmud Bushati. Kara kwa Kituruki ni mweusi. Huyu hakuwa mtumishi mtiifu wa Sultani. Alipigana hata na majeshi ya Sultani mwenyewe, maana alitaka kujifanyia ufalme wake. Mwaka ule wa 1785 alipanda milimani na jeshi lake. Kabila za Montenegro hazikukubaliana kumzuia pamoja. Kila moja ilitazama bonde lake. Pasha akafika Cetinje, akaichoma moto nyumba ya watawa.

Basi Petar alirudi akakuta majivu, na pamoja na majivu akakuta njaa. Watu walikuwa wakichimba mizizi porini. Inasimuliwa kwamba katika safari hiyo ya kurudi, mwaka wa 1786, alileta magunia ya viazi vya Kizungu, ambavyo havijapata kulimwa katika nchi ile, akawagawia watu wavipande katika vishimo vyao vya udongo. Kiazi hakitaki shamba kubwa, nacho huvumilia baridi ya mlimani. Katika nchi ile ya mawe viazi vikawa chakula cha maskini tangu wakati huo, na pengine hakuna jambo lingine alilolifanya lililookoa roho nyingi kuliko hili, ingawa katika nyimbo za vita halitajwi.

Petar aliijenga tena nyumba ya watawa. Kisha akaanza kazi iliyomchukua miaka 45, yaani kuwapatanisha watu wake wenyewe. Alikuwa ameona wazi kwamba Kara Mahmud alifika Cetinje kwa sababu kabila zilikuwa na damu kati yao, na watu wenye damu kati yao hawawezi kulinda njia moja.

Hata mwaka wa 1796 Kara Mahmud alikusanya tena jeshi. Safari hii alitaka kuzipiga kwanza kabila mbili za jirani, Bjelopavlići na Piperi, zilizokuwa bado hazijaungana na Montenegro, akamtumia Petar neno kwamba asijitie katika vita hivyo. Petar hakukubali. Alijua kwamba kabila hizo zikiisha kupigwa, zamu ya Cetinje ingefuata. Akaita wazee wote wakutane Cetinje. Hapo wakaandika kiapo, kwamba watasimama pamoja kumwaga damu yao kwa ajili ya kabila zile mbili, na mtu atakayesaliti atahesabiwa kuwa adui wa watu wote, yeye na ukoo wake. Kwetu sisi kiapo kama hicho chaonekana neno dogo. Kwao wao lilikuwa jambo jipya, kwamba mtu wa bonde moja aape kufa kwa ajili ya bonde lingine.

Mwezi wa Julai walipigana huko Martinići, na pasha akashindwa, akarudi akiwa na jeraha. Kwa hasira akakusanya jeshi kubwa kuliko la kwanza, akaja tena kabla ya miezi mitatu kwisha. Wakakutana katika kijiji cha Krusi. Inasimuliwa kwamba askofu aliamuru kofia nyekundu za watu wake zitandazwe juu ya mawe usiku, ili adui wadhani kwamba jeshi lote limesimama pale, kumbe wengi walikuwa wamezunguka nyuma. Kulipokucha jeshi la pasha likajikuta katikati ya bunduki za pande mbili. Watu wengi mno walikufa siku ile, na Kara Mahmud mwenyewe akauawa, akakatwa kichwa. Kichwa chake kilichukuliwa mpaka Cetinje, na fuvu likawekwa katika nyumba ya watawa kuwa ukumbusho wa ushindi.

Hapo mtu wa leo husita kidogo. Petar alikuwa askofu, mtu wa sala, naye ndiye aliyewaongoza watu vitani akiwa na msalaba mkononi, na fuvu la adui likakaa chini ya paa moja na madhabahu. Watu wa wakati wake, Wakristo na Waislamu wa milima ile, hawakuona ajabu, maana kukata kichwa cha adui ilikuwa desturi ya pande zote mbili. Yeye mwenyewe hakuwahi kujisifu kwa ajili ya Krusi. Aliitumia nguvu ya ushindi ule upesi kwa kazi nyingine, kabla haijapoa.

Kwanza, Bjelopavlići na Piperi waliungana na Montenegro. Pili, mwaka wa 1798 aliita wazee katika nyumba ya watawa ya Stanjevići, iliyo juu ya pwani, wakakubali sheria zilizoandikwa, za kwanza kwa kabila zote pamoja. Mwanzoni zilikuwa 16, na mwaka wa 1803 zikaongezwa zikawa 33. Sheria ile ilisema kwamba mtu akiua bila sababu, asiweze kujikomboa kwa dia, hata akitoa dhahabu ya namna gani, bali auawe kwa hukumu ya watu wote. Na akikimbia, mtu yeyote asimpokee. Maana ya maneno haya ni kubwa. Damu iliondolewa mikononi mwa ukoo ikatiwa mikononi mwa nchi. Sheria nyingine yaonyesha jinsi alivyowafahamu watu wake. Mtu akimpiga mwenziwe kwa mguu au kwa kiko cha tumbako, alipe faini ya vipande 50 vya dhahabu. Mgeni angecheka kuona teke limetiwa katika sheria za nchi. Lakini huko Montenegro teke lilikuwa mwanzo wa makaburi, maana aliyepigwa namna ile mbele ya watu hakuweza kulala mpaka ameua.

Walakini kuandika sheria ni jambo moja na kuitimiza ni jambo lingine. Lilichaguliwa baraza la wazee kuhukumu kesi, lakini wazee wale walikuwa ndugu na wakwe za wenye kesi, na kila mmoja aliogopa kumhukumu mtu ambaye ukoo wake una bunduki 200. Kodi iliandikwa pia, isilipwe. Tangu mwaka wa 1799 Kaisari wa Urusi aliahidi kutoa fedha kila mwaka kwa ajili ya serikali ya nchi, lakini miaka mingi fedha hizo hazikufika.

Katikati ya mambo haya vita vya Napoleon vikafika mpaka pwani yao. Venice ilikuwa imeanguka mwaka wa 1797, na ghuba ya Kotor, iliyo chini kabisa ya milima ya Montenegro, ikapita kutoka mkono hata mkono. Mtu akisimama juu ya Lovćen huona bandari na meli kama awezaye kuzigusa, lakini Wamontenegro hawakuwa na hata gati moja. Chumvi na nafaka walinunua kwa ruhusa ya wengine. Mwaka wa 1806 Petar alishuka na watu wake, akishirikiana na meli za Warusi, wakapigana na Wafaransa mpaka karibu na mji wa Dubrovnik. Mwaka wa 1807 Kaisari wa Urusi akapatana na Napoleon, akampa ghuba ile, wala hakumwuliza askofu. Mwaka wa 1813 Petar akashuka tena, safari hii akisaidiwa na meli za Waingereza, na watu wa ghuba wakakutana na Wamontenegro huko Dobrota, wakatangaza kwamba wao ni nchi moja. Mwaka wa 1814 wafalme wakubwa wa Ulaya wakaamua kwamba ghuba iwe ya Austria. Askofu alikuwa na miaka 66. Akakusanya watu wake, akapanda nao tena milimani.

Baada ya hapo miaka 16 ya mwisho aliishi hasa kwa kalamu. Katika chumba chake cha utawa, karibu na meko, aliandika barua kwa kabila zake, naye alikuwa mmoja wa watu wachache katika nchi nzima waliojua kuandika vema. Mamia ya barua hizo zimehifadhiwa hata leo. Karibu zote zina habari moja. Fulani ameuawa, ukoo wake unataka kulipa, na askofu anawaomba wasilipe. Huwaomba kwa jina la Mungu, huwakumbusha Krusi, huwaambia kwamba adui anafurahi anaposikia bunduki zao zikilia nyumbani kwao wenyewe. Asiposikilizwa huanza kulaani. Laana zake ziliogopwa mno. Watu wasioogopa jeshi la pasha waliogopa kwamba silaha zao zitawageukia na shamba lao lisizae kwa sababu askofu ameandika hivyo. Hiyo ndiyo silaha pekee aliyokuwa nayo, naye alijua kwamba laana ikitumiwa kila siku hupungua ukali, kwa hiyo aliitanguliza kwa maombi marefu.

Barua ikishindwa alikwenda mwenyewe. Mzee yule alipanda nyumbu wake katika njia za mawe, akafika mahali ambapo koo mbili zimekaa na bunduki, akasimama katikati na msalaba. Mara nyingi hakuomba amani yote kwa siku moja, maana alijua haiwezekani. Aliomba muda tu. Aliomba wasiuane mpaka sikukuu fulani, kisha mpaka sikukuu nyingine. Mtu aliyeahidi mbele ya askofu kungoja mpaka siku fulani aliona haya kuvunja neno lake, na huku hasira ikipoa kidogo kidogo, wazee wakapata nafasi ya kusema.

Na amani ilipopatikana ilifanywa kwa desturi ya kale. Waamuzi walihesabu waliokufa na waliojeruhiwa wa pande zote mbili, wakatoa damu kwa damu, na iliyozidi ikalipwa kwa fedha. Kisha mwuaji alikuja mbele ya watu, kichwa wazi, akitambaa kwa magoti, na bunduki iliyoua imening'inizwa shingoni mwake. Ndugu wa marehemu alisimama akimngoja. Watu wote walinyamaza, maana mpaka dakika ile hakuna aliyejua kwa yakini kama atamwinua au atamwua. Ndugu akimwondolea bunduki shingoni, akamwinua na kumbusu, basi ukoo wa mwuaji ulileta watoto wachanga, na ndugu wa marehemu akawa baba yao wa ubatizo. Tangu siku hiyo walikuwa jamaa, wakaketi kula pamoja. Petar alifurahi katika mikutano hiyo kuliko katika ushindi wa vita.

Lakini si kila mara. Katika barua za miaka yake ya mwisho huzuni ni nyingi. Miaka ya njaa ilirudi, na watu wengi wakahama kwenda Urusi na Serbia. Mwaka wa 1820 kabila za bonde la Morača zilishinda jeshi lililotumwa na pasha wa Bosnia, zikaungana na Montenegro, na nchi ikakua. Lakini kila kabila mpya ilikuja na visasi vyake. Alimlea mtoto mmoja wa ndugu yake amrithi, akamtuma Urusi asome, na kijana yule akapendelea kuwa askari. Mwishoni akamchagua mwingine, mtoto mrefu wa kijiji cha Njeguši aitwaye Rade, ambaye alipenda kusikiliza nyimbo za wazee kuliko kukaa kanisani.

Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1830 askofu aliona kwamba siku zake zimekwisha. Alikuwa na miaka 82. Alikaa karibu na meko pamoja na wazee, akaagiza yaandikwe maneno yake ya mwisho. Aliwaomba watu wote, wadogo na wakubwa, wamsamehe ikiwa amewakosea, naye akawasamehe wote. Akamtaja Rade kuwa mrithi wake. Mali hakuwa nayo ya kugawanya. Kisha akatoa ombi, nalo lilikuwa lile lile aliloliandika katika barua miaka yote. Aliomba kwamba juu ya mwili wake, kabla haujazikwa, kabila zote ziahidi kuacha kulipizana mpaka sikukuu ya Mtakatifu George. Sikukuu hiyo huwa wakati majani yanapochipua, yaani karibu miezi sita mbele. Mzee yule aliwajua watu wake. Hakuomba milele.

Akafa tarehe 30 Oktoba. Habari zikapita kutoka mlima hata mlima, kwa kupaaza sauti kama desturi yao, na watu wakashuka Cetinje kutoka kila bonde. Katika umati ule walikuwamo wengi waliokuwa na damu kati yao, nao walisimama bega kwa bega mbele ya kanisa na bunduki zao. Barua ikasomwa. Wazee wakakaribia mmoja mmoja, wakaapa mbele ya maiti. Rade, ambaye miaka 17 ilikuwa bado kumtimia, akavikwa nguo za utawa zilizomzidi kimo cha miaka yake, akasimama mbele ya watu waliokuwa wakubwa kuliko baba yake.

Kiapo kile kilishikwa, na nchi ilipata majira ya baridi ya utulivu. Katika muda huo kijana alijitengeneza. Mwaka wa 1831 aliweka baraza kuu lenye wajumbe wa mshahara na walinzi wa kukamata wahalifu, na baadaye akaanza kutoza kodi. Yaani mambo yote ambayo yule mzee, ndugu wa baba yake, aliyatamani asiyapate. Huyu ndiye askofu Petar wa Pili, aitwaye Njegoš, ambaye baadaye alisifiwa sana kwa mashairi yake. Kwa walinzi wale kisasi kilipungua, ila hakikwisha wakati wake wala muda mrefu baada yake.

Mwaka wa 1834 kaburi la mzee likafunguliwa, na Kanisa lake likasema kwamba mwili haukuoza, likamtangaza kuwa mtakatifu. Mwili huo umewekwa katika nyumba ya watawa ya Cetinje, katika sanduku lililo wazi kwa wanaokuja kusali. Na kwa muda mrefu baada ya hapo, koo zenye ugomvi zilipotaka kupatana, ziliapa kwa jina la Mtakatifu Petro wa Cetinje.